Usiniambie Ni Sistimu

Nianze na kesi yangu mwenyewe, msije mkasema nawanyooshea wengine kidole. Mwezi uliopita, saa nane za usiku, ndani ya bedsita yangu huku Roysambu, nilipoteza meli tatu zilizojaa askari. Zilipigwa na nyambizi ya Kijapani magharibi mwa Colombo. Mwaka ni 1942, na yote hayo yalitokea ndani ya gemu ya kompyuta. Neno la kwanza lililonitoka, nikiwa peke yangu, hakuna hata paka wa kunisikia, lilikuwa: "Manze, hii gemu ni takataka."

Kisha nikafungua amri za ule msafara nione kilichotokea. Njia, sikuigusa. Kasi, sikuigusa. Manowari za kuusindikiza zilikuwa bado zimetia nanga bandarini, zikisubiri amri ambayo sikuitoa kwa sababu nilidhani zitaenda zenyewe. Na siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimepitisha msafara mwingine kwenye mstari huo huo, nikauona umefika salama, nikatulia. Gemu haikunikosea chochote. Ilifanya kile nilichoiachia ifanye.

Tangu usiku huo nina hasira, na si hasira ya meli. Ni hasira ya neno moja ambalo Wakenya tumeligeuza blanketi, kila mtu anajifunika nalo: sistimu. Sistimu iko chini. Sistimu imekukataa. Sistimu haionyeshi jina lako. Nimelisikia hilo neno kwenye kaunta nyingi maishani mwangu, na usiku ule nikajisikia mwenyewe nikilisema kwa namna nyingine. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niwaeleze gemu yenyewe, maana wengi wenu mkisikia gemu mnafikiria mpira. Inaitwa War in the Pacific: Admiral's Edition, ilitoka 2009. Haina picha za maana. Ni ramani kubwa kutoka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Marekani, imekatwakatwa vipande vya pembe sita, kila kipande maili 40 za baharini. Zamu moja ni siku moja ya vita. Vinaanza Desemba 1941, na ukivifuata mpaka 1945 utabonyeza zamu zaidi ya elfu moja. Ni gemu ya mtu mwenye subira au mtu asiye na kazi. Mimi ni mmoja wa hao wawili, sisemi yupi.

Humo ndani huwezi kuichukua meli ukaiendesha kama matatu. Unaunda kikosi, unakipa bandari ya nyumbani na mahali pa kwenda, halafu unapanga mwendo wake. Kiende polepole kibane mafuta, au kiende mbio kiyamalize? Au kiende polepole njia nzima kisha kikimbie kikikaribia hatari? Kifuate njia fupi, au kizunguke mbali na ndege za adui? Kikiona hatari kigeuke, au kiendelee liwe liwalo? Kikifika, kibaki pale pale, au kimalize kazi kirudi nyumbani? Adui akionekana jirani, kimkimbilie kutoka umbali gani? Hiyo ya mwisho unaipa namba, kuanzia sifuri hadi sita. Unaweza pia kukiambia kikosi kifuate kingine, au kikutane nacho mahali fulani baharini.

Usipogusa chochote, kila swali hapo juu lina jibu tayari. Gemu imekuchagulia. Na majibu yenyewe si mabaya. Siku nyingi yanafanya kazi, na hapo ndipo mtego ulipo. Yangekuwa yanafeli kila siku ungeyabadilisha. Yanafaulu mara tisa, ya kumi yanakuzamishia watu, na wakati huo umeshasahau kwamba kulikuwa na swali.

Hoja yangu basi ni hii, na sitaizungusha: hakuna mpangilio usio na mwenyewe. Kuna mtu aliyeupanga, na kuna mtu aliyeona umepangwa hivyo akauacha. Wote wawili wameamua. Anayekuambia "sijaamua mimi, ni sistimu" ni mmoja wa hao wawili.

Walioongoza vita vyenyewe hawakuwa na kitufe cha kusingizia. Chukua Aprili 1942. Wajapani waliingia Bahari ya Hindi na meli tano za kubeba ndege chini ya Nagumo. Waingereza walikuwa na James Somerville, na shida yake ilikuwa shida ambayo kila anayecheza hii gemu anaijua: kikosi huenda kwa kasi ya meli yake iliyo goigoi kuliko zote. Somerville alikuwa na manowari nne kuukuu zilizotoka enzi ya vita vya kwanza vya dunia. Ukizichanganya na zile za mbio, zote zinakuwa kuukuu. Akakata kundi lake mara mbili, A la kasi na B la polepole.

Alimngoja Nagumo, Nagumo hakuja siku iliyotarajiwa, mafuta na maji yakaanza kupungua. Somerville akarudi Addu, visiwa vya Maldives, kujaza. Manowari mbili, Dorsetshire na Cornwall, akazituma Colombo. Hapo ndipo Wajapani walipoonekana. Zile mbili zikaamriwa zitoke Colombo zikakutane na kikosi baharini. Aprili 5, zikiwa njiani kwenda kukutana, ndege za Kijapani zilizikuta zikazizamisha zote mbili. Watu zaidi ya 400 wakafa. Kwenye gemu amri hiyo ni mbofyo mmoja: kutana na kikosi fulani, mahali fulani. Nimeitoa mara mia bila kuacha kutafuna njugu.

Au chukua Oktoba 1944, ghuba ya Leyte kule Ufilipino. Wajapani walitanguliza meli za kubeba ndege ambazo hazikuwa na ndege za maana, kama chambo. William Halsey wa Marekani akaziona, akazikimbilia kaskazini na kikosi chake chote, akaacha mlango wa San Bernardino wazi. Kurita akapita hapo usiku na manowari kubwa, na asubuhi ya tarehe 25 akawaangukia Wamarekani wenye meli ndogo ndogo karibu na kisiwa cha Samar. Waliponea chupuchupu. Ukimweka Halsey kwenye gemu, yeye ni ile namba sita: akinusa adui, amekwenda. Baada ya vita alitetea uamuzi wake. Mimi naona alikosea, na watu wamebishana naye mpaka leo, lakini angalau kuna mtu wa kubishana naye. Sistimu utabishana nayo vipi?

Sasa turudi nyumbani, maana najua kuna mtu ameanza kuuliza hii vita ya wazungu na Wajapani inatuhusu nini.

Kwenye hii gemu Mombasa ipo. Lakini iko nje ya ramani. Ni kisanduku kando, pamoja na Cape Town na Aden. Meli zikiwa humo hakuna anayeweza kuzigusa. Unazituma, zinahesabu siku zake, zinatokea upande wa pili kwenye bahari yenyewe. Mara ya kwanza kuiona nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Baada ya ile Aprili, manowari kuukuu za Somerville zilitumwa Kilindini. Wavunja siri wa Kiingereza waliokuwa wakisikiliza redio za Wajapani nao walihamia Mombasa, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Wanafunzi wanasoma hapo mpaka leo. Hiyo si nje ya ramani, buda.

Na Februari 5, 1944, msafara ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Meli tano za kubeba askari. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wengi Waafrika wa huku kwetu. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Februari 12, mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Dakika mbili hazitoshi kupanda ngazi kutoka chini ya meli.

Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Zilibaki meli nne zimejaa askari, na nyambizi bado ina topido. Manowari za kusindikiza zilikuwa na mabomu ya kurusha majini, yanayolipukia chini. Yalirushwa. Katikati ya watu. Nyambizi ilizamishwa baadaye, na hesabu ya mwisho ya Khedive Ismail ikawa waliokufa 1,297, waliopona 214.

Sina uwezo wa kumhukumu nahodha aliyetoa ile amri. Ningekuwa mimi sijui ningefanya nini, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba mtu alisimama pale, akaona vichwa vya watu majini, akachagua. Na kabla yake kulikuwa na watu wengine, ofisini, mbali na maji, waliochagua msafara ule upewe manowari ngapi, uende mwendo gani na upite wapi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichotoka mbinguni.

Kwenye gemu yangu, meli tatu nilizozipoteza zilikuwa zimetoka kwenye kile kisanduku cha Mombasa kwenda Colombo. Sikupanga iwe hivyo ili niandike makala. Ilitokea tu kwa sababu ndiyo njia fupi, na njia fupi ndiyo gemu inayochagua usipoiambia kitu. Nilipokuja kusoma habari za Khedive Ismail baadaye, nilifunga kompyuta nikaenda kununua smokie nje. Smokie yenyewe haikushuka.

Najua majibu yenu. Mshikaji wangu mmoja, ndiye aliyenipa hii gemu kwenye flashi, alinijibu: "Boss, si ni gemu tu." Ndiyo, ni gemu. Hakuna aliyekufa kwangu. Lakini gemu ndiyo mahali pekee nilipowahi kupewa orodha nzima ya maswali ambayo huku nje huwa yamejibiwa kabla sijafika. Huku nje nakutana na jibu. Humo nikaona swali, na bado nikaliruka. Kama nakwepa swali pale ambapo kulijibu ni bure, nitalijibu lini pale ambapo linauma?

Jibu la pili ni zito zaidi: nani ana muda? Ukishakuwa na vikosi mia baharini, zamu moja inaweza kukula jioni nzima. Hapo nakubali. Gemu yenyewe inakuruhusu kuipa kompyuta misafara ya vyakula na mafuta iende na kurudi bila wewe, na mimi natumia hiyo njia. Sidai kila mtu ashike kila kamba. Nahodha anayetaka kushika kila kamba anazamisha meli vilevile, kwa uchovu. Ninachodai ni kidogo tu. Ukimwachia mwingine kazi, jua umemwachia nini. Nenda uangalie. Na kazi ikiharibika, usirudi na uso wa mtu aliyekuwa amesafiri.

Tazama sasa tunavyoishi. Mwaka 2023 serikali ilileta mpango mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu. Unajaza maswali kuhusu nyumba yenu, kompyuta inapiga hesabu, unaangukia bendi moja kati ya tano, na bendi ndiyo inasema mzazi wako atalipa ngapi. Wengi wakalia kwamba wamewekwa bendi isiyo yao, mpaka ikabidi ifunguliwe njia ya kukata rufaa. Kuna mtu aliyeamua kwamba jibu fulani lina uzito fulani. Kuna kikao kilichokaa, na chai ikaletwa. Lakini mtoto wa kijijini alipouliza kwa nini amewekwa na matajiri, jibu alilopata lilikuwa lile lile: ndivyo sistimu imekuweka.

Mimi niliondoka chuo kabla ya hayo mambo ya bendi, kwa hivyo hiyo si kesi yangu. Yangu ilikuwa hivi. Mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, nilikuwa na salio la karo. Tarehe ya kusajili masomo ikapita, ukurasa wangu ukajifunga wenyewe. Nikaenda kwenye dirisha. Mama aliyekuwa pale, mpole kabisa, akageuza kioo cha kompyuta nione: "Angalia mwenyewe kijana, sistimu imekufunga." Nikauliza nani anaweza kuifungua. Akanielekeza ofisi nyingine. Ile nyingine ikanielekeza kwake. Siku ya tatu nilipanda mat, nikarudi nyumbani, sijarudi tena.

Kwa miaka nimesimulia hiyo hadithi nikiwa mimi ndiye niliyepigwa topido. Inavutia, watu wananihurumia, kuna aliyewahi kuninunulia bia kwa sababu yake. Lakini kuna kipande huwa naruka. Siku ya pili, ile ofisi nyingine ilinipa fomu ya kuahirisha masomo. Ukurasa mmoja. Ukiijaza, nafasi yako inabaki, unarudi ukipata pesa. Usipoijaza, baada ya muda unaandikwa umeacha mwenyewe. Niliikunja nikaiweka kwenye begi. Sikuijaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu kuijaza kungekuwa kumwambia mzee wangu kwa maandishi kwamba pesa zake za shamba hazikutosha. Nikaacha ijijaze yenyewe. Ikajijaza.

Kwa hivyo nani aliniondoa chuoni? Aliyepanga kwamba ukurasa ufungwe usiku wa manane bila mtu kumuuliza mwanafunzi kitu, huyo yupo, ana mshahara, na simsamehi. Mama wa dirishani alikuwa na simu mezani na hakuiinua. Na mimi nilikuwa na fomu kwenye begi. Sote watatu tuliacha mambo kama yalivyopangwa, halafu sote watatu tukasema ni sistimu. Hilo neno linatufaa wote. Linamficha mkubwa, linampumzisha mdogo, na mimi niliyeumia linanipa hadithi safi.

Mkubwa ndiye analifaidi zaidi, usinielewe vibaya. Aliyepanga ana nguvu kuliko aliyeacha. Lakini atatokaje huko aliko, ikiwa sisi wengine tunamsaidia kujificha kwa kulirudia hilo neno lake kila siku, mpaka kwenye bedsita usiku, mpaka kwenye gemu?

Juzi nimetuma msafara mwingine kutoka Mombasa. Ilinichukua karibu saa nzima. Nimeuvuta kusini, mbali na ule mstari, nikaweka alama baharini za kupitia. Manowari mbili ziko ndani ya msafara wenyewe, hazifuati nyuma. Nimeupa kasi inayokula mafuta zaidi, na nimeuamuru ugeuke ukinusa hatari. Unaweza kuzama bado. Nyambizi ziko nyingi na bahari haisomi amri zangu. Ila ukizama, najua ni nani aliyeupitisha hapo.

Nawe siku ukifika kwenye dirisha ukaambiwa sistimu imekukataa, usipige kelele, mtu wa pale hajalala vizuri kama wewe. Muulize tu kwa upole: nani aliipanga hivyo, na ofisi yake iko ghorofa ya ngapi? Uliza na jina. Halafu kabla hujapanda ngazi, angalia kwenye begi lako kama kuna fomu.